Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni katekista. Kila mwezi wa nane ukikaribia maswali haya hunifuata: darasani kwa watoto wa kipaimara, kwenye jumuiya ndogo ndogo, njiani baada ya Misa, na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, msibani. Nimeyaandika kama yanavyoulizwa, yakiwemo ya majirani zetu wasio Wakatoliki. Jambo likishaelezwa mahali pamoja, kwingine nimetaja namba ya swali tu.

## Mambo ya msingi

1. Kupalizwa mbinguni maana yake nini hasa?

Ni imani ya Kanisa Katoliki kwamba Bikira Maria, alipomaliza maisha yake hapa duniani, alichukuliwa na Mungu mwili na roho akaingizwa katika utukufu wa mbinguni.

Uzito wote uko kwenye neno "mwili". Watakatifu wengine nao wako mbinguni kwa Mungu, lakini miili yao ingali inangoja ufufuko wa siku ya mwisho. Maria hangoji tena. Kile ambacho kila Dominika tunakikiri katika Kanuni ya Imani, ufufuko wa miili, kwake kimekwisha kutimia.

2. Kwani kupalizwa na kupaa si kitu kimoja?

Si kimoja, na hapa lugha yetu imefanya kazi nzuri. Anayepaa anapaa mwenyewe. Anayepalizwa ana mwenye kumpaliza. Yesu alipaa kwa uwezo wake mwenyewe, siku 40 baada ya kufufuka. Maria hakuwa na uwezo huo. Mungu ndiye aliyemchukua. Kilatini pia kinatenga maneno haya mawili, *ascensio* kwa Bwana na *assumptio* kwa Mama yake.

Kwa hiyo mtu akisema "sikukuu ya Kupaa kwa Bikira Maria" namsahihisha palepale, hata kama ni mzee wa kanisa. Nusu ya ugomvi kuhusu fundisho hili ungekwisha kama tungetumia kitenzi sahihi.

3. Kumpaliza Maria si kumfanya mungu?

Hapana. Kitenzi chenyewe kinakataa, kwa sababu mungu hapalizwi na mtu. Maria ni kiumbe aliyeokolewa, na yeye mwenyewe aliimba kwamba roho yake inamfurahia Mungu Mwokozi wake (Luka 1:47). Tunamwabudu Mungu peke yake. Maria tunamheshimu kuliko watakatifu wote na tunamwomba atuombee, kama mtu anavyomwendea mama mzazi amsemee kwa baba.

4. Limekuwa fundisho rasmi tangu lini?

Tangu tarehe 1 Novemba 1950, Sherehe ya Watakatifu Wote. Papa Pio wa XII alilitangaza Roma mbele ya umati mkubwa katika uwanja wa Mtakatifu Petro, kwa hati iitwayo *Munificentissimus Deus*. Maneno yenyewe ni mafupi: Mama wa Mungu asiye na doa, Maria Bikira daima, alipomaliza mwendo wa maisha yake ya duniani, alipalizwa mwili na roho katika utukufu wa mbinguni.

Kabla ya hapo, tarehe 1 Mei 1946, aliwaandikia maaskofu wa dunia nzima akiwauliza kama wao, mapadre wao na waamini wao wanaliamini jambo hili, na kama wanaona lifaa kutangazwa kuwa dogma, yaani fundisho ambalo kila Mkatoliki anapaswa kulisadiki. Karibu wote walijibu ndiyo. Watu wengi hudhani Papa aliamka asubuhi moja akatangaza. Hakufanya hivyo; alisikiliza kwanza.

5. Basi kabla ya 1950 Wakatoliki hawakuwa wakiamini hivyo?

Waliamini. Fikiria shamba la ukoo. Babu alililima, baba akalilima, mipaka inajulikana na kila jirani, halafu mwaka fulani mjukuu anakwenda ardhi kuchukua hati. Hati haikuzaa shamba.

Wakristo wa Mashariki walikuwa wakiadhimisha mwisho wa maisha ya Maria mapema sana, na Kaisari Maurisio, aliyetawala Konstantinopoli kuanzia 582 hadi 602, aliagiza iadhimishwe tarehe 15 Agosti katika dola yake yote. Roma iliipokea sikukuu hiyo, na Papa Serjio wa Kwanza (687–701) akaiwekea maandamano. Karne ya 8 Mtakatifu Yohane wa Damasko alitoa mahubiri matatu juu yake, ambayo Pio wa XII aliyanukuu katika hati yake. Ilimpasa, alihubiri, yule aliyembeba Muumba kama mtoto kifuani akae katika makao ya Mungu. Mahubiri hayo yalitolewa miaka zaidi ya 1,200 kabla ya hati ya 1950.

6. Kwa nini basi 1950, wala si karne nyingine?

Maombi ya kutaka litangazwe yalikuwa yakimiminika Roma tangu Papa Pio wa IX alipotangaza fundisho la Kukingiwa Dhambi ya Asili, yaani kwamba Maria alitungwa mimba bila dhambi hiyo, tarehe 8 Desemba 1854. Hiyo ni sababu moja.

Ya pili ndiyo inayonigusa. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka mitano tu nyuma. Dunia ilikuwa imeona miili ya watu ikirundikwa na kuchomwa kwenye makambi, na miji miwili ya Japani ikiunguzwa kwa bomu moja moja. Katika hati yake Pio wa XII anaeleza tumaini lake kwamba, wakati maisha ya watu yanaangamizwa kwa vita na kwa mafundisho yanayoona maada peke yake, wote watatambua wazi ni hatima gani tukufu waliyoandaliwa kwa roho na kwa mwili. Kwa kizazi kilichoona mwili wa mtu ukifanywa takataka, Kanisa lilijibu kwa kutangaza kwamba mwili wa mwanamke mmoja wa Nazareti umo ndani ya utukufu wa Mungu.

## Biblia

7. Mwalimu, imeandikwa wapi?

Hakuna mstari unaosema "Maria akapalizwa mbinguni". Nawasihi makatekista wenzangu tuliseme hili waziwazi kabla hatujaulizwa. Mara ya mwisho tunamwona Maria akitembea katika historia ya Biblia ni Matendo 1:14, akisali pamoja na Mitume wakimngoja Roho Mtakatifu. Baada ya hapo kimya.

Kanisa Katoliki halifundishi kwamba kila kweli lazima iwe na mstari wake. Ufunuo wa Mungu unatufikia kwa Maandiko na kwa Mapokeo, yaani imani iliyopokezanwa tangu Mitume, na Kanisa linasoma Maandiko likiwa ndani ya Mapokeo hayo. Ila mizizi ya fundisho hili imo katika Biblia, na si haba.

Mzizi mkuu ni 1 Wakorintho 15:20-27, somo la pili la sherehe yenyewe. Kristo amefufuka, "limbuko lao waliolala". Mkulima anajua limbuko ni nini: masuke ya kwanza yakiiva, shamba zima liko njiani. Paulo anasema walio wake Kristo watafufuliwa atakapokuja. Kanisa linaamini kwamba kwa Maria siku hiyo ilitangulizwa, maana hakuna aliyekuwa wake Kristo kwa ukaribu kuliko yule aliyempa mwili. Ukitoa ufufuko wa Yesu, fundisho la Kupalizwa linaanguka siku hiyohiyo. Halina miguu yake lenyewe.

Mzizi wa pili ni Sanduku la Agano, lile sanduku takatifu la Israeli. Kanisa linamwona Maria kuwa Sanduku jipya, kwa kuwa alimbeba Bwana mwenyewe, na hapa sichoki kusoma. Fungua 2 Samweli 6 na Luka 1 uziweke kando kwa kando. Daudi anaondoka kwenda kulileta Sanduku kutoka Yuda. Maria anaondoka kwenda nchi ya milimani, mji wa Yuda. Daudi anauliza sanduku la Bwana litamjiaje. Elisabeti anauliza imekuwaje mama wa Bwana wake amjie. Daudi anarukaruka mbele ya Sanduku. Mtoto anaruka tumboni mwa Elisabeti. Sanduku linakaa nyumbani kwa Obed-edomu miezi mitatu. Maria anakaa kwa Elisabeti kama miezi mitatu. Luka alijua anachoandika. Sanduku la kwanza lilikuwa la mti wa mshita, nalo Israeli hawakuthubutu kulitupa hovyo. Sasa sikiliza Ufunuo 11:19: hekalu la Mungu mbinguni linafunguliwa, Sanduku la Agano linaonekana, na mstari unaofuata ni mwanamke aliyevikwa jua.

Neno la tahadhari kuhusu mwanamke huyo wa Ufunuo 12. Kwanza kabisa anawakilisha taifa la Mungu, anayeteswa na joka. Kwa kuwa mtoto wake ndiye Masiha, Kanisa linamwona pia Maria ndani yake. Usiutumie mstari huu kama rungu la kumpigia Mprotestanti.

8. Lakini Yohana 3:13 inasema hakuna aliyepaa mbinguni ila Mwana wa Adamu.

Inasema aliye*paa*. Rudi swali la 2. Tena Yesu alikuwa akiongea na Nikodemo kabla hata ya msalaba, akieleza kwamba yeye pekee ndiye aliyetoka kwa Baba na anayeweza kumfunua.

Kuchukuliwa na Mungu ni jambo linalojulikana katika Biblia. Henoko "alitoweka, maana Mungu alimtwaa" (Mwanzo 5:24), na Eliya alichukuliwa katika upepo wa kisulisuli (2 Wafalme 2:11). Wao walitangulia kabla ya Pasaka. Kwa Maria jambo hili ni tunda la Pasaka ya Mwanae.

9. Jambo kubwa hivi, kwa nini Mitume wasiliandike?

Hata kifo cha Petro hakikusimuliwa katika Biblia, wala cha Paulo. Kitabu cha Matendo kinamwacha Paulo Roma akihubiri katika nyumba ya kupanga, na hapo kinakoma. Hakuna Mkristo anayesema kwa sababu hiyo kwamba Paulo hakufa shahidi. Waandishi wa Injili walikuwa na habari moja ya kuitoa, nayo ni ya Yesu.

## Kifo, kaburi na masimulizi

10. Je, Maria alikufa kwanza?

Ukisoma tena maneno ya dogma katika swali la 4 utaona Papa amesema "alipomaliza mwendo wa maisha yake ya duniani". Hakusema alipokufa, wala hakusema hakufa. Alikusudia kuliacha wazi, na Mkatoliki yuko huru.

Hata hivyo Mapokeo yaliyo mengi, ya Mashariki na ya Magharibi, yanasema alikufa. Papa Yohane Paulo wa Pili alilieleza hilo katika katekesi yake ya tarehe 25 Juni 1997: ikiwa Kristo alikufa, ni vigumu kudai kinyume kwa Mama yake. Mwanachuoni mmoja wa kale, Epifani wa Salamina, aliyeandika karibu mwaka 377, alikiri kwamba hakuna ajuaye mwisho wake ulikuwaje. Mimi nasadiki alikufa. Wanawake wanaouguza na kuzika hapa kwetu wanapata faraja wakijua mama huyu naye alipita mlango huo.

11. Si alikingiwa dhambi ya asili? Na mshahara wa dhambi ni mauti?

Yesu hakuwa na dhambi yoyote, akafa. Maria kufa hakungekuwa adhabu, kungekuwa kumfuata Mwanae. Ila uhusiano wa mafundisho haya mawili ni wa kweli, na hati ya 1950 inautaja: aliyeishinda dhambi tangu kutungwa mimba kwake kwa neema ya Kristo, hakuachwa aozee kaburini.

12. Kaburi lake liko wapi?

Sehemu mbili hutajwa. Yerusalemu, katika bonde la Kidroni karibu na Gethsemane, lipo kanisa la chini ya ardhi unaloshukia kwa ngazi ndefu, na ndani yake kaburi linaloheshimiwa tangu zamani kuwa la Maria. Liko tupu. Upande mwingine, juu ya mlima Sayuni, Wabenediktini wana kanisa lililowekwa wakfu mwaka 1910 panaposemekana alilala usingizi wa mauti.

Ya pili ni Efeso, katika Uturuki ya leo, kwa hoja kwamba Mtume Yohane alimchukua nyumbani kwake na inaaminika aliishi huko. Nyumba inayoonyeshwa mlimani ilipatikana mwaka 1891 kwa kufuata maono ya mtawa Mjerumani Anne Catherine Emmerich. Wanaohiji huko ni wengi, Wakristo na Waislamu. Ushuhuda wa Yerusalemu ni wa kale zaidi, nami naupa uzito mkubwa.

Kuna jambo la kutazama hapa. Wakristo wa kale waliyathamini sana masalia ya watakatifu. Miji iligombania mifupa ya Mitume na mashahidi. Kuna makanisa yanayosema yana mshipi wa Maria au vazi lake. Hakuna mji wowote uliowahi kujivunia mwili wake. Huo si ushahidi wa mahakamani, lakini unaeleza imani yao ilikuwa ipi.

13. Nilisikia Mitume walikusanywa kwa mawingu, Tomaso akachelewa, kaburi likafunguliwa likakutwa tupu. Ni kweli?

Hayo yanatoka katika maandishi ya apokrifa, yaani ya kale yasiyo sehemu ya Biblia, yanayojulikana kwa jina *Transitus Mariae*, yaani kupita kwake Maria, yaliyoenea kuanzia karne ya 5 kwa lugha nyingi. Ni masimulizi mazuri, wachoraji wameyapenda, na yanatuonyesha Wakristo wa wakati huo waliamini nini. Kanisa halikuyapokea kama Maandiko, na orodha ya kale iitwayo Hati ya Gelasio inayaweka pamoja na vitabu visivyokubalika.

Usimfundishe mtoto wa kipaimara hadithi ya Tomaso kama historia. Akikua akagundua ilikotoka, atatupa hadithi na dogma pamoja. Dogma haikujengwa juu yake.

14. Alikuwa na umri gani?

Kanisa halifundishi umri wowote. Namba zinazozunguka zinatoka katika apokrifa na maono ya watu binafsi.

15. Mwili unakaaje mbinguni? Uko juu ya mawingu?

Watoto huuliza hili vizuri kuliko watu wazima. Tarehe 21 Julai 1999 Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba mbingu si mahali fulani mawinguni, ni uhusiano hai wa mtu na Utatu Mtakatifu. Kwa hiyo usimfikirie Maria akisafiri kama roketi, ingawa picha zetu za ukutani zinamwonyesha amesimama juu ya wingu na malaika chini ya miguu yake. Mchoraji alilazimika kuchora kitu.

Mwili wake lakini ni mwili kweli. Mfano tulionao ni Yesu mfufuka: alikula kipande cha samaki mbele ya wanafunzi wake (Luka 24:42-43), na pia alisimama katikati yao milango imefungwa (Yohana 20:19). Ni mwili uleule, umegeuzwa.

## Sherehe na sala

16. Tarehe 15 Agosti ni lazima kwenda Misa?

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1246, inaitaja sherehe hii kati ya sikukuu za amri. Kanuni hiyohiyo inaruhusu baraza la maaskofu, kwa idhini ya Kiti cha Kitume, yaani Roma, kufuta baadhi ya amri hizo au kuzihamishia Dominika. Kwa hiyo fuata kalenda ya liturujia ya nchi yako na matangazo ya parokia.

Rwanda na Burundi ni siku ya mapumziko kitaifa. Tanzania na Kenya ni siku ya kazi, ndiyo maana parokia nyingi huweka Misa ya alfajiri au jioni. Ikiangukia Dominika, kama itakavyokuwa 2027, sherehe hii inachukua nafasi ya Dominika hiyo.

17. Husomwa masomo gani?

Misa ya siku: Ufunuo 11:19 na 12:1-6, 10, Zaburi ya 45, 1 Wakorintho 15:20-27, Luka 1:39-56. Misa ya mkesha ina yake, likianza somo la Walawi kulibeba Sanduku la Agano kwa fito mabegani (1 Mambo ya Nyakati 15). Sababu ya kuchaguliwa Sanduku iko kwenye swali la 7.

18. Katika rozari iko wapi?

Ni tendo la nne la utukufu, na nia tuliyozoea kuliombea ni neema ya kufa vizuri. Linafuatwa na Maria kuwekwa Malkia wa mbingu, ambayo nayo ina kumbukumbu yake tarehe 22 Agosti, siku ya nane ukihesabu kuanzia Kupalizwa. Katika litania, ombi la "Malkia uliyepalizwa mbinguni" liliongezwa wakati wa kutangazwa dogma mwaka 1950.

19. Kwa nini watu wengi huenda Kibeho siku hiyo?

Kibeho, kusini mwa Rwanda, ndipo wasichana wa shule walipoanza kutokewa na Bikira Maria tarehe 28 Novemba 1981. Alijitambulisha kuwa *Nyina wa Jambo*, Mama wa Neno. Tarehe 15 Agosti 1982 waonaji walipewa maono ya kutisha, damu na maiti zisizo na wa kuzizika, wakalia mbele ya watu kwa saa nyingi. Miaka 12 baadaye nchi hiyo ilipitia mauaji ya kimbari, na Kibeho penyewe watu waliuawa kanisani. Askofu wa Gikongoro aliyatambua matokeo hayo rasmi tarehe 29 Juni 2001.

Matokeo ya namna hii hayaongezi kitu katika dogma, na Mkatoliki halazimiki kuyasadiki. Lakini ukienda Kibeho tarehe 15 Agosti utakutana na mahujaji kutoka Rwanda, Burundi, Kongo, Uganda na Tanzania, wengine wametembea kwa miguu siku kadhaa. Wako kati yao ambao hawajui ndugu zao walizikwa wapi. Kwa watu hao, kuimba kwamba mwili una hatima kwa Mungu si maneno ya kitabuni.

## Wakristo wengine na majirani

20. Waorthodoksi wanaamini hivi?

Wanaiadhimisha kwa jina la Kulala kwa Mama wa Mungu, na wanatangulia kufunga kuanzia tarehe 1 hadi 14 Agosti. Kanisa la Ethiopia lina mfungo wake, Filseta, watoto nao wakiwemo. Waorthodoksi husisitiza kwamba Maria alikufa kweli, kisha akachukuliwa. Hawajalifanya dogma kwa tamko, wanaliimba katika ibada.

21. Mume wangu ni Mlutheri na anasema tumeongeza neno. Nimjibuje?

Anza kwa kumkubalia alipo sahihi: mstari hakuna (swali la 7). Kisha muulize kama anaamini ufufuko wa miili. Ataitikia. Hapo mko pamoja, na mnachotofautiana ni kama Mungu amekwisha kulitenda hilo kwa Maria, na nani ana mamlaka ya kulitangaza. Msibishane mbele ya watoto.

Wapo Waprotestanti waliosogea karibu. Tume ya mazungumzo ya Waanglikana na Wakatoliki, katika tamko lake la 2005 kuhusu Maria, ilikubaliana kwamba fundisho la Mungu kumchukua Maria katika utukufu kwa nafsi yake yote linaweza kusomwa kupatana na Maandiko. Suala la dogma na mamlaka ya Papa lilibaki.

22. Na Waislamu?

Wanamheshimu sana Maryam. Sura ya 19 ya Kurani inaitwa kwa jina lake. Kurani haisimulii mwisho wa maisha yake, kwa hiyo kupalizwa si sehemu ya imani yao. Jirani Mwislamu akikuuliza, mweleze kwa adabu, ukianzia swali la 3, maana ndilo analolihofia.

## Maswali ya pembeni, na mazito

23. Nikiwa na mashaka nimeacha kuwa Mkatoliki?

Hati ya 1950 inasema wazi kwamba anayethubutu kulikana, au kulitilia shaka kwa makusudi, ameiacha imani. Zingatia neno makusudi. Kutoelewa, kuuliza, kusumbuliwa usiku na swali, hakumo humo. Maria mwenyewe aliuliza, "Litakuwaje neno hili?" Njoo tuongee, au muone paroko.

24. Watakatifu wengine hawawezi kuwa walipalizwa, kwa mfano Mtakatifu Yosefu?

Kuna wacha Mungu waliowahi kuwaza hivyo kuhusu Yosefu. Ni mawazo yao. Kanisa halifundishi.

25. Mama yangu amekufa baada ya kuugua muda mrefu, mwili umekwisha kabisa. Sherehe hii inamhusu nini?

Hili niliulizwa usiku wa matanga, na bibi aliyekuwa amemwogesha marehemu kwa mikono yake. Nilimjibu hivi.

Utangulizi wa Misa ya siku hii unamwita Maria mwanzo na mfano wa Kanisa litakalokamilishwa, na alama ya tumaini na faraja kwa watu walio safarini. Mwili uliopalizwa ni ule uliobeba mimba ukachoka, ukajifungua mbali na nyumbani, ukachota maji, ukakanda unga, ukasimama chini ya msalaba. Mungu hakuuona kuwa ni ganda la kutupwa. Na wa mama yako uliolea watoto na kulima, ulioliwa na ugonjwa mpaka ukabaki mifupa, hauoni kuwa ganda. Ndiyo maana tunauosha, tunauvika, tunaunyunyizia maji ya baraka na kuufukizia ubani. Maria ametangulia, mama yako yuko kwenye foleni ileile.

26. Ndugu yetu alizama ziwani, mwili haukupatikana. Huyo naye atafufuka?

Atafufuka. Ufufuko hautegemei hali ya mabaki wala kuwepo kwa kaburi. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na hakuna Mkatoliki wa Uganda anayefikiri moto ule ulimshinda Mungu. Aliyeumba kutoka pasipo kitu hapungukiwi na ziwa. Vivyo hivyo kwa aliyeungua ajalini, au aliyezikwa kusikojulikana.

Mwombeeni Misa. Mwezi wa Novemba, parokia inapopokea majina ya marehemu, andikeni na lake pamoja na ya waliozikwa. Na kama familia inataka pa kusimama na kusali, wekeni msalaba penye makaburi ya ukoo wenu, padre aje aubariki.